Makala ya Malaria na Daftari la Manga

Karatasi iliyomkosesha Bonareri usingizi ilikuja ndani ya boksi la dawa, imekunjwa mara mbili na kulazwa juu ya makopo kama kadi ya Krismasi. Ilikuwa Juni mwaka wa tisini na sita, na huko Manga, kwenye milima ya Kisii, homa ilikuwa inabisha nyumba hata nyumba. Bonareri alikuwa ameomba kwinini. Aliomba kwa barua tatu, kila moja na muhuri wake, na ndani ya boksi hamkuwa na kwinini hata ya kulamba. Mlikuwa na klorokwini, kopo juu ya kopo, dawa ambayo watoto wa Manga waliinywa siku tatu, wakajikuna siku tatu, na siku ya nne homa ikarudi kumalizia kazi yake.

Wafadhili walikuwa waumini wa kanisa moja la ng'ambo, watu wema, na wema wao ndio uliokuwa taabu. Hawakununua dawa bila kusoma. Na walichosoma ni ensaiklopidia ya afya iliyokuwa kwenye mtandao wa kompyuta, ikiandikwa na madaktari wa kujitolea, kila ugonjwa na makala yake. Walikuwa wamechapisha ukurasa wa malaria na kupiga mistari myekundu chini ya sentensi mbili. Ya kwanza ilisema malaria haipatikani kwenye milima mirefu kama ile ya magharibi mwa Kenya. Ya pili ilisema klorokwini ndiyo dawa ya kutegemewa Afrika Mashariki. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa mkono kwamba wangeshukuru kuelezwa kwa nini zahanati ya mlimani inaomba kwinini. Mtu mwenye adabu akikosea hukosea kwa adabu, na ukimjibu kwa hasira wewe ndiye unayeonekana mshenzi.

Zahanati yenyewe ilikuwa na vitanda sita na bati linalovuja, juu kabisa ya ukingo wa Manga. Bonareri, tabibu wake, alikuwa ameishika kwa miaka tisa. Januari ya tisini na saba akaitwa mjini Kisii kufundisha kwenye chuo cha matabibu, lakini kanisa lenye zahanati halikupata mtu mwingine wa kuisimamia, basi kila Ijumaa alipanda mlima na wanafunzi wake, na siku nyingine kazi ikabaki kwa muuguzi Machogu. Barua za kuomba dawa bado aliziandika yeye. Boksi lilikuja mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa masika, na wafadhili waliamua la kununua mwezi wa Aprili. Kwa hiyo Bonareri alikuwa na miezi mitatu ya kubadilisha makala yale. Yakibadilika, kwinini ingekuja. Yasipobadilika, angezika watoto wa watu mwaka mwingine tena, na jambo hilo alilijua kama anavyojua jina lake.

Aliyemfungulia mlango alikuwa Tarsem. Huyu alikuwa na duka la vipuri mjini, alilorithi kwa baba yake, na nyuma ya duka, kati ya mabomba na makopo ya rangi, alikuwa na kompyuta iliyounganishwa na simu. Alijifunza kuitumia peke yake kwa kusoma kijitabu, akiwa na miaka sitini na kilemba chake cha samawati, na alijivunia jambo hilo kuliko duka zima.

"Hii mashine inaongea na dunia yote, mwalimu," alimwambia Bonareri. "Lakini kwanza lazima iongee na Nairobi, na Nairobi leo iko na maringo."

Walingoja karibu saa nzima. Ukurasa ulishuka mstari mmoja mmoja, Tarsem akinywa chai na Bonareri akiwa amekaa kwenye ndoo ya rangi. Makala yalikuwa yale yale. Lakini Tarsem aliendelea kuvuta ukurasa hadi chini, na pale chini palikuwa na maandishi madogo ambayo wafadhili hawakuyachapisha. Yalisema kwamba yeyote atakayeona kosa awaandikie wahariri, na alete ushahidi wake.

"Haya maneno yalikuwa hapa siku zote?" Bonareri aliuliza.

"Siku zote. Watu hawasomi mpaka chini."

Bonareri alirudi chuoni kwa miguu akicheka peke yake njiani. Lilikuwa tumaini la kweli, na laiti mtu angelizima siku ile ile, kwa maana tumaini likikua ndani ya mtu huwa gumu kulitoa.

Alikuwa na wanafunzi kumi na wanne wa mwaka wa pili. Jumatatu aliwagawia nakala za makala yale, akaandika ubaoni maswali matatu: Nani amesema? Amejuaje? Lini? Akawaambia kila sentensi watakayoisoma waiulize maswali hayo, na sentensi isiyoweza kujibu waipige mstari.

Okemwa, kijana wa Kebirigo mwenye mdomo usiotulia, aliinua mkono. "Madam, sisi tumekuja hapa kujifunza kutibu watu. Kusahihisha maneno ya hawa wasee wa ng'ambo si kazi yao wenyewe?"

"Okemwa, ukimpa mtoto dawa isiyofanya kazi kwa sababu kitabu kimesema, nani amempa, wewe au kitabu?"

"Mimi, Madam."

"Basi soma."

Walisoma wiki nzima. Linda, msichana mtulivu aliyekaa mbele na kuandika kila kitu, ndiye aliyegundua kwamba sentensi ya milima ilitoka kwenye kitabu cha mwaka wa hamsini na mbili, na kwamba mwandishi wake alipita nyanda hizi mara moja tu, Januari, wakati wa kiangazi. Darasa lilicheka. Mtu amekuja Januari, hakuona mbu, akaenda zake, na miaka arobaini na mitano baadaye watoto wanakufa kwa safari yake. Bonareri aliwaacha wacheke kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa furaha yake, kuwaona vijana wa Kisii wanaushika ukurasa wa wakubwa na kuuliza umejuaje. Miaka yote aliyofundishwa yeye, hakuna aliyewahi kumruhusu kuuliza.

Ilibaki kupata ushahidi. Ijumaa wakapanda Manga wote kumi na wanne, mvua ikiwasindikiza, wakaenda kwa Kwamboka.

Kwamboka alikuwa mfagiaji wa zahanati, na ndiye aliyetunza madaftari ya wagonjwa. Hakuna aliyemwagiza. Aliona tu mchwa wanaanza kuyala, akayafunga ndani ya magunia ya chai na kuyapandisha darini. Siku ile aliyashusha moja baada ya jingine, huku bintiye Orpah, mwenye miaka minne, akiyapangusa vumbi kwa gauni lake na kugombezwa.

"Mwache, Mama Orpah," Bonareri alisema. "Huyu anasaidia kazi ya serikali."

"Mama Geoffrey, serikali haifui hilo gauni." Kwamboka alimwita hivyo kwa jina la mwana wa kwanza wa Bonareri, kwa kuwa walikuwa wamezaa mwaka mmoja na kuzika wazazi mwaka mmoja, na mbele ya wakubwa tu ndipo alipomwita daktari.

Wanafunzi wakakaa sakafuni na kuhesabu. Bonareri aliwapa sheria moja: usiandike unachodhani, andika kilichoandikwa. Wahariri walitaka mambo matatu kwa kila mgonjwa, ugonjwa wake, dawa aliyopewa, na alivyoishia. Hadi saa kumi walikuwa wamemaliza mwaka mzima wa tisini na sita. Wagonjwa wa malaria waliolazwa na kutibiwa kwa klorokwini, hapo juu ya mlima usio na malaria, walikuwa elfu moja mia nne na kumi na wawili. Okemwa alipiga mbinja. Bonareri alijisikia kulia kwa furaha, na pengine alilia kidogo, maana alitoka nje akakaa mvuani na kurudi na uso uliolowa.

Ndipo Linda alipomletea karatasi yake. "Madam, waliopelekwa hospitali kubwa ni thelathini. Na waliokufa ni kumi na mmoja tu?"

"Umehesabu kilichoandikwa?"

"Ndiyo, Madam."

"Basi andika hivyo hivyo."

Bonareri aliitazama tena ile idadi ya waliokufa, kisha akaikunja karatasi. Giza lilikuwa linakaribia na alikuwa na vijana kumi na wanne wa kuteremsha kwenye utelezi. Siku ya pili asubuhi Tarsem alikaa kwenye mashine, akapiga chapa barua na jedwali kwa vidole viwili, na saa sita Nairobi ikakubali. Barua ilikwenda na majina yote kumi na matano chini yake.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Tarsem alilichapisha na kulileta mwenyewe chuoni kwa gari lake, na hilo hakuwahi kumfanyia mtu. Bonareri alilisoma mbele ya darasa kwa sauti. Wahariri walishukuru sana. Walisema ni mara ya kwanza kupokea takwimu kutoka kwa watu wanaotibu wagonjwa mahali penyewe. Makala yalikuwa yamebadilishwa, na sasa yalisema wazi kwamba malaria inapatikana kwenye nyanda za juu za Kenya, na kwa wingi.

Darasa likapiga makofi. Okemwa alipanda juu ya dawati. Bonareri aliinua mkono wanyamaze amalizie, akiwa bado anatabasamu, akasoma sentensi iliyofuata. Ilisema kwamba hata huko milimani klorokwini bado inafanya kazi vizuri ajabu, kwa kuwa, kwa mujibu wa rekodi za zahanati ya Manga zilizokusanywa na mwalimu Bonareri na wanafunzi wake, kati ya wagonjwa mia moja, tisini na saba walipona.

Nyuma bado walikuwa wanapiga makofi. Linda peke yake ndiye aliyeweka kalamu chini.

Sasa, msomaji asiyekulia kule aelezwe. Mgusii hapendi pumzi ya mwisho imtokee kwenye kitanda cha watu. Anataka ukuta wake, migomba yake, sauti za watu wake. Na sheria ya zahanati ilikuwa kwamba mgonjwa mahututi haruhusiwi kwenda nyumbani. Anapelekwa hospitali kubwa mjini, na akifia huko, au hata zahanatini, anaingia mochari, na kumtoa kunataka vibali, na gari la kubeba maiti, na siku nyingi. Ndugu walijua. Kwa hiyo mgonjwa wao alipofika pale ambapo kila mtu anaona, walikuja kwa Bonareri kwa sauti ya chini wakaomba wapewe mtu wao angali na pumzi. Na kulikuwa na njia moja tu ya kumtoa. Kwenye karatasi ya ruhusa, na kwenye daftari ili viafikiane, uliandika: Amepona. Ameruhusiwa.

Aliyeanza kuandika hivyo ni Bonareri mwenyewe. Mwaka wake wa kwanza pale mlimani alimkatalia mzee mmoja, na yule mzee akafia njiani kwenda mjini, akakaa mochari siku kumi na mbili. Bonareri hakurudia. Alimfundisha na Machogu, akaliita jambo hilo huruma, na lilikuwa huruma kweli. Miaka tisa aliandika amepona, amepona, mpaka mkono ukazoea na kichwa kikaacha kuhesabu. Wangapi kati ya wale elfu moja mia tatu na sabini na mmoja walioandikwa hivyo walipona kweli? Hakujua. Alikaa na madaftari yale usiku tatu mfululizo akijaribu kukumbuka sura, na majina mengine aliyakumbuka, na mengine yalikuwa mwandiko wake tu. Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Yake ilikuwa ndefu kidogo, ilimpeleka hadi ng'ambo na kumrudisha.

Aliandika barua ya pili. Alieleza kila kitu, bila kujificha, na Tarsem alipokuwa anapiga chapa aliacha vidole juu ya mashine akamtazama.

"Mwalimu, hii unasema wewe ni mwongo. Na jina yako iko hapo chini."

"Piga tu, Bwana Tarsem."

"Mimi nikiambia mteja kwamba vipuri nilimuuzia jana ni bandia, kesho hanunui hata msumari."

"Piga."

Wahariri walijibu upesi safari hii. Walisema wameguswa. Walisema pia kwamba mara ya kwanza ameapa daftari ni la kweli na sasa anaapa ni la uongo, na wao hawana njia ya kujua ni Bonareri yupi wamwamini. Neno la mtu mmoja haliwezi kufuta rekodi za watu elfu moja na mia nne. Lakini akileta maelezo ya familia zenyewe, yaliyotiwa sahihi, kwamba mgonjwa wao alitoka zahanati akiwa mahututi na akafa, watayapima. Nani amesema, amejuaje, lini. Bonareri hakuweza hata kuwakasirikia, maana walikuwa wanamuuliza maswali yake mwenyewe.

Ilikuwa wiki ya pili ya Aprili. Alichagua majina kumi na moja aliyokuwa na hakika nayo, akamchukua Linda na Okemwa, wakaanza kutembea boma kwa boma.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Onsongo, mkulima wa chai upande wa Itumbe, mtu wa kanisa, aliyempoteza mkewe Julai iliyopita. Aliwakaribisha vizuri, akawapa ndizi na chai ya maziwa. Kaburi lilikuwa pale pale nje, kando ya migomba, limepandwa maua. Bonareri alieleza alichotaka. Onsongo alisikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani, akarudi na Biblia. Kati ya kurasa zake palikuwa na karatasi ya zahanati, imenyooshwa vizuri.

"Wewe ndiye uliandika hii," alisema.

"Ndiyo, baba. Niliandika uongo ili umlete nyumbani."

"Inasema amepona. Alipona kwa zahanati. Hapa nyumbani Mungu akamwita." Aliirudisha karatasi ndani ya Biblia. "Sasa unataka niweke kidole kwamba nilimtoa akiwa anakufa. Ndugu zake wakisikia, wataniuliza nini? Si watasema nilimtoa kwa dawa nikamleta hapa nimuue?"

"Kuna watoto, baba. Homa inarudi mwezi ujao."

"Najua inarudi. Mimi pia nina watoto." Alisema bila ukali wowote. "Lakini hao shemeji zangu wameshanyamaza. Hii karatasi ndiyo iliwanyamazisha. Usiiguse, daktari. Tafadhali."

Nyumba ya pili hawakufunguliwa mlango. Ya tatu mama mzee alilia tangu waingie mpaka watoke, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumpa kalamu. Ya nne, ya tano, maneno yalikuwa yale yale ya Onsongo, na karatasi ilikuwepo, kwenye Biblia, kwenye sanduku la nguo, nyuma ya picha ya harusi. Walitembea Ijumaa mbili na Jumapili moja. Majina kumi na moja, na hawakupata hata sahihi moja.

"Madam," Okemwa alisema siku ya mwisho, wakiteremka kwenye njia ya matope, na utani wote ulikuwa umemtoka. "Hawa watu hawakukosea."

"Hawakukosea."

"Sasa nani alikosea?"

Aprili ikaisha.

Boksi lilifika tarehe ishirini na tisa Mei. Machogu alimngoja Bonareri alifungue yeye, basi akalifungua Ijumaa wanafunzi wakiwa wamemzunguka, japo kila mmoja alijua. Wafadhili walikuwa wamefurahi mno mwaka huu. Walikuwa wameongeza dawa maradufu. Klorokwini ilijaa hadi juu, na juu yake karatasi imekunjwa mara mbili, makala mapya, jina la Bonareri limepigiwa mstari, na pembeni kwa mwandiko ule ule: Tumejivunia sana kusoma kazi yako na ya wanafunzi wako. Sasa tunaelewa.

Bonareri aliikunja karatasi na kuitia mfukoni mwa koti lake jeupe. Kisha akawaonyesha wanafunzi mahali pa kuyapanga makopo.

Homa ilikuja pamoja na Juni, kama ilivyozoea. Vitanda sita vilibeba watoto kumi na sita, na wengine wakalala chini kwenye magunia. Bonareri aliuza ng'ombe wake mmoja akanunua kwinini mjini, ikaisha kwa siku nne. Jumanne Kwamboka alikuja kazini na Orpah mgongoni, mwili ukimchemka. Mtoto alipewa alichopewa kila mtu, klorokwini, na Kwamboka akaendelea kufagia kati ya vitanda, akiinamia cha bintiye kila alipokipita. Jumatano maporomoko yalikata barabara ya kuteremka mjini. Alhamisi homa ilishuka, Orpah akaomba uji. Alfajiri ya Ijumaa degedege lilianza.

Bonareri alipofika, amepanda mlima kwa miguu na wanafunzi wawili walioweza kuja, alifunua kope la mtoto akaona jinsi palivyokuwa peupe, pasipo damu. Alisikiliza kifua. Alifungua kabati la dawa, ingawa alijua kilichokuwa ndani, akalifunga tena. Okemwa aliondoka bila kutumwa, akakimbia njia ya Kebirigo kutafuta kwinini kwa yeyote mwenye nayo. Saa saba alikuwa hajarudi. Mtoto hakuwa akitingishika tena, alikuwa anavuta pumzi kwa mbali, moja, kisha kimya, kisha moja.

Kwamboka aliweka ufagio ukutani. Alienda akamfunga bintiye mgongoni kwa kanga, taratibu, kama anayemwandaa kwenda sokoni, akaja kwenye meza ambako Linda alikuwa ameketi na daftari.

"Mama Geoffrey," alisema. "Niandikie."

Nyumba yake ilikuwa hatua mia tatu kutoka pale. Barabara ilikuwa imekatika, na mtoto akifia ndani ya zahanati angelala kwenye stoo ya zahanati, kati ya jembe na makopo, hadi siku ya kuja gari la mochari. Kwamboka alijua. Ndiye aliyekuwa anaifagia ile stoo.

Linda alikuwa ameshika kalamu. Alikuwa ameandika jina, umri, ugonjwa na dawa, na sehemu ya mwisho ilikuwa wazi. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti haikutetemeka.

"Madam, nikiandika, watahesabu. Mwaka ujao mtu atakuja, atalifungua hili daftari, atahesabu. Ulisema tuulize. Nani amesema amepona? Amejuaje?"

Bonareri alitazama daftari. Ilikuwa nafasi ndogo, upana wa vidole viwili. Akiandika ukweli ndani yake, mstari mmoja wa kweli chini ya miaka tisa ya uongo, hakuna ambaye angeubadilishia kitu, wala ng'ambo, wala kwenye boksi la mwakani, na Orpah angelala stoo. Asipouandika, angekuwa ameuongeza ule uongo kwa mkono wake, akijua sasa unakokwenda, akijua jina la mtoto wa mwakani lingeandikwa chini yake. Alitafuta njia ya tatu. Alitafuta kwa dhati, mtu aliyesoma miaka yote ile, na haikuwepo.

"Mama Geoffrey," Kwamboka alisema tena, kwa Kigusii sasa, chini kabisa. "Anavuta pumzi bado. Niandikie kama ulivyowaandikia wengine."

Bonareri alimtoa Linda kalamu mkononi. Aliandika Amepona. Aliandika Ameruhusiwa. Akajaza karatasi ya ruhusa ili viafikiane, akatia tarehe na sahihi, akaipuliza wino ukauke.

Kwamboka aliikunja karatasi mara mbili na kuitia kifuani. "Asante," alisema.

"Nenda upesi," Bonareri alimwambia, akimfunika mtoto kichwa kwa ncha ya kanga. "Mvua iko karibu."